Tofali la Tatu

Maji yanasimama hadi kwenye kifundo.
Naoga haraka, nafunga koki, nangoja.
Povu linazunguka kama mtu aliyesahau alichofuata,
na ule unjano wa salfa niliyopuliza kutwa
kwenye mikorosho ya watu
unarudi kunipaka miguu niliyokwisha kuiosha.

Nyumba yetu ina magurudumu manne.
Waliiacha wapima gesi walipofunga kambi.
Tukainunua mnadani, mimi na Somoe,
kwa pesa ya misimu miwili na mbuzi wa mama yake,
ikavutwa na trekta mpaka Naliendele,
watoto wakiifuata nyuma kama arusi.
Ina jiko la kukunja, dirisha la kusukuma,
na bafu dogo: ukijipinda kuokota sabuni
kiwiko kinawasha taa.

"Mimina magadi," alisema Mchopa, "kisha siki,
vitagombana vyenyewe humo ndani."
Nikamimina. Vikagombana, vikanung'unika, vikanyamaza.
"Basi tia asidi ya betri."
Nikakataa. Mabomba yale ni membamba kama ganda la yai,
yakitoboka sijui duka la kuyapata,
si Mtwara mjini, si Masasi.

Jumapili nikapiga magoti.
Skrubu nne: tatu zina kutu, moja haina kichwa.
Nikanyoosha henga ya waya, ncha nikaikunja ndoano,
nikavua.
Kwanza ukatoka uzi wa rasta, mweusi, mrefu,
ule mtindo wa Idi ya mwaka juzi
nilioulalamikia bei, halafu njiani nikageuka mara mbili kuutazama.
Kisha kifungo. Kisha kipande cha dodoki.
Kisha tope la njano, zito kama uji wa mgonjwa,
msimu mzima wa kazi yangu,
harufu ya kiberiti ikanipanda puani.
Somoe alisimama mlangoni na ndoo.
"Kumbe tunakaa juu ya haya yote," akasema.
Akaishika rasta kwa vidole viwili, akacheka, akaitupa.

Nikafungulia maji.
Yakaenda. Yakasita. Yakasimama.

Hapo ndipo alipoweka limau sakafuni.
Sikuelewa. Limau likabiringika,
likalipa tundu kisogo,
likaenda zake upande wa kitanda, likagonga ukuta: ko.
"Bomba halina kosa," akasema. "Nyumba ndiyo imelala."

Kweli. Tairi la kushoto lilishaishiwa pumzi zamani,
limezama mchangani hadi kwenye rimu.
Mchopa akaleta jeki ya lori. Tukainua,
sahani zikilia kabatini,
tukapanga matofali: la kwanza, la pili, la tatu.
Limau likafikiri kidogo, kisha likaelekea tunduni.
Maji yakashuka kwa mlio wa mtu
anayemalizia chai ya bure.

Lakini usiku.
Miaka mitatu tulilala tukimwagikia upande mmoja.
Tugombane, tusigombane, kufika alfajiri
mgongo wake uko kifuani pangu,
nami nikihesabu kuwa ni mapenzi.
Sasa kila mtu na ubavu wake.
Godoro limenyooka kama barua ya serikali.
Majani ya mikorosho yanadondoka juu ya bati,
nayasikia moja moja.
"Umelala?"
"Bado."
Na katikati yetu nafasi ya kupita mtu na ndoo.

Siku ya nne nikarudi kazini, njano tupu mpaka kwenye kope,
nikafungulia maji.
Yakanifika kwenye kifundo.

Nikatoka na taulo, nikachungulia chini ya nyumba:
matofali mawili.
Kwenye mpini wa jeki, alama za vidole,
nyeupe, za unga wa muhogo.
La tatu Somoe amelikalia uani,
anachambua kisamvu,
hanitazami.

Nami sijauliza.